Mwanamke Asiyeweza Kukaa Chini

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeishi nikiwa nimesimama. Wanaonijua sasa hudhani ni uchapakazi. Husema yule bibi hatulii, ukimkuta asubuhi yuko wima, ukimkuta jioni yuko wima, sijui amekula nini. Nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba tangu nilipokuwa mke kijana, kukaa kunaniuma.

Niliumwa ukeni. Nimefundishwa, kama wanawake wote wa kwetu, kupaita sehemu za siri, na siri yenyewe nimeitunza vya kutosha, sasa nimechoka nayo. Maumivu hayakuwa ndani. Yalikuwa nje, mlangoni na kwenye mashavu yake. Palikuwa panawasha, panachoma, halafu panatulia siku kadhaa mpaka naanza kuimba tena jikoni, kisha nguo inagusa tu na pote panawaka upya. Hapakuwa na kidonda. Hapakuwa na usaha wala harufu. Ungepatazama usingeona kitu, na hicho ndicho kilichonimaliza, kwa sababu niliumwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyeweza kukishuhudia.

Niliolewa katika kijiji kimoja cha Iramba, ukingoni mwa milima, ambako ukisimama nyuma ya nyumba unaiona mbuga ya Wembere chini kule, nyeupe kwa jua wakati wa kiangazi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kabla ya vita vyao vya pili. Mume wangu alikuwa mkulima kama kila mtu, lakini mikono yake ilipenda tezo. Alichonga vinu, miko, mizinga ya nyuki. Kila kiangazi alikwenda na wenzake mpaka vichaka vya Itigi kutundika mizinga na kurina asali, akarudi na hadithi za treni ambazo naamini nusu yake alizitunga njiani. Alikuwa mtu wa mzaha. Nilimpenda. Nalisema wazi, maana siku zile mwanamke hakuulizwa.

Ilianza mwaka wa pili wa ndoa, msimu wa kupura mtama. Vumbi la mtama huwasha, kila mwanamke analijua, hivyo nikaoga na kungoja. Vumbi likaisha, mtama ukaingia ghalani, tukahamia kwenye karanga. Karanga hubanguliwa kwa kukaa: unatandika ngozi ya ng'ombe, unanyoosha miguu, unaanza. Nilikaa na wenzangu, na kabla kikapu cha kwanza hakijajaa nikajua siwezi. Nikasingizia moto umezimika. Nikasingizia maji. Kila nilipokaa nilipata sababu ya kuinuka, mpaka wifi yangu akaniuliza kama nimekalia siafu.

Mtu wa kumwambia alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Kwetu mama mzazi humwambii mambo hayo, na mama mkwe ndiyo kabisa, lakini bibi ni mtani wako. Aliniita mke mwenzangu tangu nilipokuwa mtoto. Nilipomweleza alicheka kwanza, akasema mume wetu amekosa nini mpaka anyimwe. Kisha akanitazama usoni, akaacha. Alichemsha majani, nikakalia mvuke. Alinipaka mafuta ya mbarika, akanipaka samli. Akajaribu asali, na asali ilinichoma nikaruka kama mbuzi, naye akacheka tena mpaka akashika mbavu, mimi nikilia na kucheka pamoja. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe alifuta mikono, akasema, "Mke mwenzangu, hiki sikijui." Katika miaka yote hakuna aliyeniambia neno la kweli kuliko hilo. Alikufa masika yaliyofuata.

Nikabaki na mume wangu. Yeye aligundua mwenyewe. Kitandani nilikuwa nauma pindo la kaniki ili nisitoe sauti, na siku moja mkono wake ukalikuta pindo lote limelowa. Akaniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea, ni mwili. Nilingoja akasirike. Wanaume wa wakati ule walikuwa na haki zao na walizijua moja moja. Yeye alijigeuza akalala chali, akasema, "Basi tutangoja mpaka upoe." Tukangoja. Siku njema zilikuwepo, na siku hizo tulikuwa mke na mume kama wengine. Lakini mimba haikushika, na siku mbaya zilizidi njema.

Kukosa mtoto hakufichiki kijijini. Watu wakaanza kuzikumbuka safari za Itigi. Walisema ameniletea ugonjwa wa reli, ule ambao wanaume huuokota kwenye stesheni. Mama mkwe alikuwa mjane, na huyu ndiye mwanawe wa kiume pekee. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu hadithi za mama mkwe zina njia yake na hii haipiti huko. Aliniletea maziwa kila ng'ombe wake alipozaa, alinitafutia waganga mpaka Mkalama. Alikuwa na hofu, ndiyo yote. Alitaka kumwona mjukuu kabla hajafumba macho.

Tulikwenda hospitali ya misheni sote watatu, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Nilitembea nimepanua miguu kidogo, jasho likinichoma, na mume wangu akawa anapunguza mwendo kwa ajili yangu akisingizia mwiba. Daktari alikuwa Mzungu, mwanamke mwenye nywele nyeupe. Aliniangalia kwa taa. Aligusa kwa pamba, na kila alipogusa nilishika ukingo wa kitanda. Akatupima damu, mimi na mume wangu. Nesi wa kwetu alitafsiri, mama mkwe akiwa amesimama mlangoni: damu ni safi, hakuna kaswende, hakuna kisonono, hakuna kidonda, daktari haoni kitu. Nilipewa dawa ya zambarau ya kuoshea. Nikamwona mume wangu akishusha pumzi, maana jina lake lilikuwa limesafishwa, na sikufikiri wakati ule kwamba uchafu wote umebaki kwangu.

Njiani kurudi mama mkwe alitembea mbele. Tulipofika mtoni wao wakakaa kupumzika, mimi nikasimama. Mama mkwe akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "Mzungu ameangalia na taa yake. Hakuona kitu. Sasa wewe unachokikataa ni nini?"

Ningekuwa na jipu, hata jipu moja, ningemwonyesha na kushukuru.

Dawa ya zambarau ilinikausha ngozi mpaka ikapasuka, nikaimwaga. Nikaanza kujitafutia mwenyewe. Niliacha kuogea magadi, niliacha na ile sabuni ya dukani kwa Mhindi ambayo mume wangu aliniletea kama zawadi. Nilijiosha kwa maji tu, yaliyochemshwa yakapoa ndani ya mtungi. Nilivaa kaniki kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalegea. Nililala ubavu, nguo iliyokunjwa katikati ya magoti, na palipowaka sana nililoweka kitambaa kwenye maji ya mtungini nikakiweka pale mpaka joto lishuke. Kusaga hakukunitesa, kwa sababu kwenye jiwe unapiga magoti, na kwenye kinu unasimama. Wenzangu wakagundua kwamba mimi ni wa kutwanga, wakaniachia vinu vyao vyote. Nadhani nilitwanga mtama wa nusu ya kijiji. Hayo hayakuwa matibabu, yalikuwa namna ya kuufikia usiku.

Kukaa ndiko kulikobaki. Siku moja, nyuma ya ghala, nilipanga magogo mawili ya kuni sambamba, nikaacha nafasi katikati, nikakaa tako moja huku na jingine huku bila kitu kunigusa pale panapouma. Nilifumba macho kwa raha. Nilipoyafumbua mume wangu alikuwa amesimama, tezo begani, ananitazama. Nikaona aibu. Akaondoka, nami nikadhani ameniacha na ujinga wangu.

Kesho yake alileta udongo wa kufinyangia vyungu, akaukanda, akautandaza pale pale nyuma ya ghala. "Kaa," akaniambia. Nikamuuliza kama amepata wazimu. "Kaa, mama, kuku wasije wakaukanyaga." Nikainua kaniki nikakaa kwenye udongo mbichi. Ulikuwa wa baridi, ulinipoza. Nilipoinuka alama yangu yote ilikuwa pale chini, kubwa, tukaitazama wote wawili na kucheka mpaka tukashikana. Kisha akachuchumaa na kuniuliza panapouma ni wapi. Nikamwonyesha kwa kijiti. Hapa. Na hapa. Mpaka hapa. Akafuata kwa kidole chake, polepole sana, kana kwamba udongo nao ungeumia.

Alichonga kigoda cha mninga, miguu mitatu, na katikati ya kikalio akachimba mfereji kufuata alama zile, mpana nyuma, mwembamba mbele. Nilikikalia nikangoja maumivu, hayakuja. Nikaendelea kungoja mpaka jua likahama, nikaona nimekaa kama watu.

Lakini kwetu kigoda si cha mwanamke anayezaa. Kigoda ni cha wanaume, na cha bibi aliyekwisha kumaliza uzazi. Huyo hupewa na watoto wake, na siku hiyo hupikwa pombe. Mwanamke kijana hukaa chini, miguu imenyooshwa. Akikalia kigoda ametangaza kwamba amemaliza, amelifunga tumbo kwa mkono wake mwenyewe. Mume wangu alilijua hilo, na mimi nililijua. Ndiyo maana kigoda changu kiliishi nyuma ya ghala kimefunikwa kwa ungo mbovu. Nilikikalia nikiwa peke yangu, nikibangua karanga na kuitazama Wembere, na nilikuwa na furaha kuliko mtemi barazani kwake.

Mama mkwe ndiye aliyekikuta, akimtafuta kuku aliyekuwa akitagia huko. Hakupiga kelele, hakumwita mtu. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye mfereji, na nadhani alielewa kimetengenezwa kwa ajili ya nini, kwa sababu uso wake ulilegea. Akakifunika tena. Jioni akaja jikoni, akakaa chini karibu na miguu yangu.

"Mwanangu, vumilia," akasema. "Kaa chini. Hata kama panauma, kaa chini, tumbo lione kwamba unataka."

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

Alipoondoka nililia, na wifi yangu alipopita nikamwambia ni moshi. Nilijaribu kweli. Nilikaa kwenye ngozi pamoja na wenzangu siku baada ya siku nikiuma midomo, mpaka ikafika mahali siwezi hata kutembea kwenda mtoni. Mume wangu akaja akanishika mkono mbele ya dada zake, akaniinua, akanirudisha nyuma ya ghala.

Miaka ikapita hivyo. Vita vya Wazungu vikaja vikaisha. Mama mkwe akaugua kifua, na mtama ulipokuwa unatoa masuke akafa.

Katika matanga ya kwetu wanawake wa nyumba hukaa ardhini, bega kwa bega, mpaka siku ya kunyoa. Hawapiki wala hawateki maji, majirani ndio wanaofanya. Hawainuki ila kwa haja. Mke wa mtoto wa marehemu hukaa karibu kabisa na mahali marehemu alipolazwa, na hapo ndipo nilipokaa. Nilimpenda yule mama, nilitaka kumkalia vizuri. Siku ya kwanza niliweza. Siku ya pili niliegemea upande huu, nikaegemea upande ule. Nikajaribu kupiga magoti, shangazi mmoja akanivuta nguo, maana magoti ni ya kukaribishia wageni, si ya msiba. Jua lilipoanza kuinama moto ule ulikuwa umepanda mpaka tumboni, na mwili ukainuka wenyewe. Nilisimama katikati ya wanawake wote waliokaa, na kilio kikakatika.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Wanaume walikuwa upande wao, nje. Mwanamume haingii ua wa wanawake wakati wa matanga. Mume wangu aliingia. Alikibeba kigoda mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka chakula kwa mgeni, akapita katikati ya miguu ya shangazi zake na dada zake, akakiweka pale nilipokuwa.

"Kaa," akasema.

Lilikuwa neno lile lile la siku ya udongo. Nilimtazama, alikuwa analia, na hakuwa akimlilia mama yake peke yake. Nikakaa.

Kwetu mwenye neno katika msiba wa mwanamke ni kaka yake. Mjomba wa mume wangu alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyempenda sana dada yake, na alikuwa anatafuta kitu cha kukilaumu. Sasa kilikuwa mbele yake, kina miguu mitatu. Alingoja siku ya kunyoa. Watu wa nyumba walipokusanyika mbele ya wembe, akasema dada yake amekwenda bila mjukuu, kumbe mkwe alikwisha kulifunga tumbo zamani, na mume mwenyewe ndiye aliyemchongea kufuli. Akasema kigoda kichomwe. Akasema mke akapumzike kwao. Na mpaka hayo yafanyike, mpwa wake hatanyolewa.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kuona uzito wake. Asiyenyolewa bado ameshikwa na kifo. Hula peke yake. Haingii nyumba ya mtu, hagusi mbegu, salamu yake haiitikiwi, na akikutana na mtoto njiani mtoto huvutwa pembeni. Siku ile wengine wote walinyolewa, hata mimi. Mume wangu alibaki na nywele zake.

Alisema atabaki nazo. "Nitazifuga mpaka unisuke," aliniambia. Tukakaa hivyo, sisi wawili, nywele zake zikikua na mimi nikiwa juu ya kigoda mbele ya nyumba, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha. Ulikuwa wakati wa ajabu. Sikuwahi kupumzika namna ile, na sikuwahi kuogopa namna ile. Kisha mtama ukaiva wengine wakavuna, na wetu ukabaki shambani kwa ndege. Wenzake wa mizinga wakaondoka kwenda Itigi bila kumwita. Asubuhi moja nilimwona amesimama kando ya njia akiwasalimu wapita njia. "Mmeamkaje," anasema, na wao wanapita wakitazama miguu yao, na yeye anarudia kwa sauti ya chini zaidi. Yule mtu aliyekuwa akiuchekesha msafara mzima mpaka relini. Nilirudi ndani nikafunga nguo zangu.

Nilimwambia, "Nyoa." Akakataa. Nikamwambia maumivu yangu nimeyazoea, lakini haya yake siwezi kuyatazama. Akasema atahamia Itigi na mimi, tukaishi na wageni wasiojua kunyoa ni nini. Nikamwambia makaburi ya wazazi wake hayatamfuata Itigi. Tulibishana mpaka maneno yakatuishia, na aliyeshinda alikuwa mimi.

Alikichoma mwenyewe, mbele ya mjomba. Mninga huwaka polepole na moshi wake una harufu nzuri. Walipomnyoa alifumba macho, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka. Kisha akanisindikiza, mzigo wangu ukiwa kichwani kwake, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi, mpaka pale njia ya kwetu inapoachana na ile ya Kiomboi. Alisema ni kupumzika tu. Nikasema ndiyo, ni kupumzika. Alitua mzigo, nikaupokea, nikaenda bila kugeuka kwa sababu ningegeuka nisingefika.

Sikuitwa tena. Wakamwoza mke mwingine, na huyo akazaa, akazaa tena. Kila mtu aliyetoka upande ule alihakikisha nimesikia.

Nilipata kazi ya kupika kwenye ile hospitali ya misheni, kazi ya kusimama. Maumivu yalikwenda na kurudi yalivyotaka. Alikuja daktari mwingine, akaniangalia, naye hakuona kitu, akaniambia pole. Siku moja nikamwona mwanamke kijana amesimama ukutani wakati benchi la wagonjwa lilikuwa tupu. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Niliijua ile ngoma. Nikamchukua nyuma ya jiko bila kumuuliza kitu, nikampangia magogo mawili, nikamwonyesha jinsi ya kukaa. Alikaa, akaanza kulia, akasema, "Mama, nilidhani ni mimi tu." Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Nikamwambia sina dawa, nina magogo na maji yaliyopoa. Kila alipokuja hospitali alipitia jikoni, tukakaa kidogo pamoja. Kisha mumewe akamrudisha kwao na sikumwona tena.

Mwingereza alikuwa anakaribia kuondoka, watu wameanza kulitaja neno uhuru hadharani, nilipoletewa habari kwamba mume wangu ameanguka kutoka juu ya mti akipandisha mzinga. Nasema mume wangu. Sikuwahi kupata neno jingine la kumwita.

Nilikwenda. Mke aliyerudishwa hana mahali kwenye matanga. Si mjane, si dada, wala hata jirani. Nilisimama kwenye mlango wa ua, nimejifunika kichwa, nikawaona wanawake wamekaa ardhini bega kwa bega, na mke wake karibu na mahali alipolazwa, na watoto wake wakubwa wenye paji la uso la baba yao. Nilikuwa nimeamua nisimame hapo kwa muda wa kuomba sala moja, kisha niondoke kabla hawajanitambua.

Mke wake aliinua macho akaniona. Hatukuwahi kuonana, lakini alinijua, labda kwa kusimama kwangu. Akainuka. Mjane haruhusiwi kuinuka, na kilio kikakatika kama kilivyokatika siku ile. Aliingia ghalani, akakaa humo kidogo, akatoka amebeba kigoda kwa mikono miwili, akapita katikati ya miguu ya wanawake, akakiweka karibu na mahali pake mwenyewe.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema. "Alisema siku utakapokuja, usikae chini."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu bibi yangu afe. Nilisogea. Kilikuwa cha mninga, miguu mitatu, mti umekolea rangi ya siku nyingi lakini kikalio hakijang'arishwa na makalio ya mtu yeyote. Yule mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikikuta ndani ya ghala alipoolewa, na kwamba watoto walichapwa wakikigusa. Wakati ule moto wa kile cha kwanza ulikuwa haujapoa sawasawa.

Nilikaa mbele ya watu wote, na mama yule akakaa ardhini kando yangu. Mfereji ulikuwa mpana nyuma, mwembamba mbele, na ulipinda kidogo kulia, pale nilipomwonyesha kwa kijiti. Udongo wa siku ile uliliwa na mvua zamani, na mimi sikuwepo wa kukaa kwenye mwingine. Alikichonga kwa kukumbuka.

Hakuna kilichouma. Nikaanza kulia kwa sauti, kwa mdomo wazi, kama sijawahi kulia maishani. Miaka yote niliyomlilia akiwa hai nililia jikoni na kusingizia moshi. Siku ile hakuna aliyeniuliza kitu, wala aliyeniambia ninyamaze, kwa sababu yalikuwa matanga.